Gunpei Yokoi, fundi wa mitambo ya karata aliyetia majoka na mapanga mfukoni

KIJANA aliyekulia Kibaha au Kisarawe katika miaka ya 1990 huenda hajawahi kulisikia jina la Gunpei Yokoi, lakini vidole vyake vinamjua. Kile kimashine cha plastiki chenye matofali yanayodondoka, kilichotoka China na kusambazwa na wamachinga kutoka Kariakoo hadi Maili Moja, kilikuwa mjukuu wa kazi ya mikono ya Mjapani huyo. Aidha, kila aliyewahi kulipia dakika zake katika kibanda cha pleisteshen na kumkimbiza mchezaji wake uwanjani kwa dole gumba la kushoto, alikuwa akitumia wazo lililotoka kichwani mwake mwaka 1982.

Yokoi alifariki dunia Oktoba 4, 1997, kando ya barabara kuu, akiwa na umri wa miaka 56. Wengi wanaomkumbuka humtaja kwa ajili ya Game Boy, mashine ndogo ya michezo iliyouzwa duniani kote. Ni wachache wanaofahamu kuwa ndiye pia aliyekuwa mtayarishaji wa Fire Emblem, mchezo wa mwaka 1990 uliojaa wana wa wafalme, farasi wenye mabawa na majoka, na kwamba bila mashine zake historia ya michezo ya kubuni ya Kijapani ingekuwa na kurasa nyingi tupu.

Alizaliwa Kyoto Septemba 10, 1941, akasomea masuala ya elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha kilichoko katika mji huo huo. Hakuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano. Kampuni kubwa za elektroniki hazikumfungulia mlango, hivyo mwaka 1965 akakubali ajira katika kampuni ya mji wake iliyoitwa Nintendo. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1889, ilikuwa ikitengeneza karata, na kazi aliyopewa msomi huyo ilikuwa kuhakikisha mitambo ya kutengenezea karata haisimami.

Hali ya kampuni wakati ule haikuwa ya kutia moyo. Soko la karata lilikuwa limedorora, na mwenye kampuni, Hiroshi Yamauchi, aliyeirithi mwaka 1949 akiwa kijana wa miaka 22, alikuwa amejaribu biashara nyingine kadhaa bila mafanikio ya maana. Kwa upande wake Yokoi alikuwa na muda mwingi wa ziada, kwa kuwa mitambo isipoharibika fundi hana la kufanya. Akautumia muda huo kujitengenezea mkono wa bandia wa vipande vilivyopishana mithili ya mkasi, ambao ukiubana huku, unanyooka kule na kushika kitu kilicho mbali.

Siku moja Yamauchi alipita kiwandani na kumkuta akichezea mkono huo saa za kazi. Fundi alipoitwa ofisini alidhani anakwenda kukaripiwa, kama si kufukuzwa. Badala yake aliagizwa aufanye mkono ule kuwa bidhaa ya kuuzwa. Mwaka 1966 ukaingia sokoni kwa jina la Ultra Hand, na zaidi ya milioni moja ikanunuliwa. Tangu siku hiyo Yokoi hakurudi tena kwenye mitambo ya karata.

Miaka iliyofuata alibuni vitu vya kila namna: mashine ya kurusha mipira ya besiboli ndani ya nyumba, kipimo cha mapenzi cha mwaka 1969 ambacho wawili wakishikana mikono mshale ulidai kuonyesha kiasi cha mahaba yao, na bunduki za kuchezea zilizotumia mwanga. Kipimo cha mapenzi kilikuwa na siri ndogo. Ndani yake mlikuwa na kifaa cha kawaida cha kupimia umeme, kitu ambacho fundi yeyote wa redio alikuwa nacho mezani. Kwa maelezo ya Yokoi mwenyewe, nia yake ilikuwa kupata kisingizio cha kuwashika wasichana mikono.

Mzaha huo ulibeba falsafa aliyoishi nayo hadi mwisho. Aliamini kwamba mbunifu hana haja ya kukimbilia teknolojia mpya na ya gharama. Achukue ile iliyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, ambayo kasoro zake zote zinajulikana, kisha aifikirie kwa upande, yaani aitafutie matumizi ambayo hakuna aliyeyawazia. Yeye aliiita teknolojia iliyonyauka. Mafundi wa Tanzania, ambao kwa miaka mingi wametengeneza vibatari kwa makopo na kandambili kwa matairi, wangemwelewa bila mkalimani.

Ushahidi mkubwa wa kwanza wa falsafa hiyo ulitoka ndani ya treni. Katika miaka ya mwisho ya 1970, Yokoi akiwa safarini katika treni ya kasi, alimwona mfanyakazi wa ofisini aliyechoshwa na safari akibonyezabonyeza kikokotoo chake kwa ajili ya kupoteza muda. Abiria anayetoka Kibaha kwenda Kariakoo asubuhi, gari likiwa limekwama kwenye foleni, anaijua hali hiyo. Yokoi akawaza kutengeneza mchezo mdogo kiasi kwamba mtu mzima angeweza kuucheza mapajani bila jirani yake kutambua.

Wazo hilo lilimfikia mkubwa wake kwa bahati. Dereva wa Yamauchi alikuwa mgonjwa, na katika kampuni ile Yokoi alikuwa miongoni mwa wachache walioweza kuendesha gari la kigeni lenye usukani wa kushoto. Akiwa njiani kumpeleka mkutanoni, na asitake safari iwe ya kimya, akalieleza wazo lake. Yamauchi alionekana kama hakusikia. Hata hivyo, katika mkutano huo alikutana na mkuu wa kampuni ya Sharp, ambayo ilikuwa na viwanda vya vioo vya vikokotoo na ilikuwa ikihitaji soko jipya. Muda mfupi baadaye watu wa Sharp wakabisha hodi Nintendo. Mwaka 1980 mashine ya kwanza ya Game & Watch ikatoka, na hadi uzalishaji wake ulipokoma zilikuwa zimeuzwa takribani milioni 43.

Ni katika mojawapo ya mashine hizo, ile ya Donkey Kong ya mwaka 1982, ndipo kitufe cha umbo la msalaba kilipozaliwa. Usukani wa kijiti uliokuwa ukitumika katika mashine kubwa usingeingia mfukoni, kwa hiyo Yokoi akabuni kitufe bapa kinachoelekeza pande nne, na dole gumba likitulia juu yake hutambua pande hizo bila jicho kutazama. Kwa upande wa mashine kubwa, Yamauchi alikuwa amempa jukumu la kumsimamia kijana mchoraji aliyeitwa Shigeru Miyamoto, ambaye mwaka 1981 alimbuni fundi mwenye masharubu aliyekuja kuitwa Mario. Walipotengeneza Mario Bros. ya mwaka 1983, Miyamoto alitaka Mario aumie akianguka kutoka juu. Yokoi akamshawishi aache, kwani mchezo usingekuwa na raha. Katika mchezo huo Mario huruka kutoka juu na kutua salama.

Pamoja na sifa hizo, Yokoi hakuwa mpenzi wa mashine zenye nguvu kubwa. Hilo lilidhihirika wazi mwaka 1989, Game Boy ilipotoka nchini Japani Aprili 21. Ilikuwa na kioo cha rangi moja ya kijanikijani, kisicho na taa, kilichoacha ukungu nyuma ya kila kitu kinachokimbia. Utengenezaji wake ulikaribia kuvunjika, kwa sababu kioo cha kwanza kilichochaguliwa hakikuonekana vizuri mtu akikitazama moja kwa moja, na mkubwa wa kampuni akasema wazi kwamba kitu kama hicho hakiuziki. Kilipatikana kioo kingine, na kazi ikaendelea.

Washindani walicheka. Mwaka huo huo kampuni ya Atari ikatoa Lynx yenye rangi na taa, na mwaka 1990 Sega ikafuata na Game Gear, nayo ya rangi. Lakini kila moja ilikula betri ndogo sita na kuzimaliza kwa saa tatu hadi tano hivi. Game Boy ilikula nne, ikadumu kwa zaidi ya saa kumi.

Msomaji wa Kisarawe hahitaji kuelezwa maana ya hesabu hiyo. Katika vijiji vilivyokaa miaka mingi bila umeme, redio iliyokuwa ikileta taarifa ya habari na matangazo ya mpira iliendeshwa kwa betri za National, zilizotengenezwa Dar es Salaam na kampuni ya Kijapani ya Matsushita. Betri zikichoka zilianikwa juani ili zirudishe nguvu kidogo, angalau mechi iishe. Mzazi wa Osaka au wa Chicago naye, ingawa alikuwa na soketi ukutani, ndiye aliyelipia betri za mwanawe. Aliponunua mashine aliihesabu gharama hiyo, na ndiyo maana mashine dhaifu ilizifuta sokoni zile zenye nguvu. Game Boy, pamoja na toleo lake la rangi lililofuata, iliuzwa zaidi ya milioni 118.

Uimara wake nao ni hadithi. Game Boy moja iliyoungua katika shambulio la bomu wakati wa Vita vya Ghuba ilipelekwa Marekani ikiwa imeyeyuka ganda lake, na ilipowashwa ikafanya kazi. Kwa miaka mingi ilionyeshwa katika duka la Nintendo jijini New York, ikiendesha mchezo wa matofali wa Tetris.

Mashine hiyo ya wanyonge ndiyo iliyofungua mlango kwa michezo ya kubuni iliyoitikisa Japani, ile ambayo mchezaji huvaa nafsi ya mhusika, akakua naye kwa ujuzi na nguvu, na kusafiri naye katika nchi isiyokuwapo duniani. Kabla ya hapo michezo hiyo ilichezwa mbele ya televisheni. Desemba 15, 1989, kampuni ya Square ilitoa SaGa, mchezo wa kwanza wa aina hiyo kwa Game Boy, uliouzwa Marekani kwa jina la The Final Fantasy Legend. Mbunifu wake, Akitoshi Kawazu, aliupima urefu wake kwa kigezo cha ajabu: uishe ndani ya muda wa safari ya ndege kutoka Tokyo hadi Honolulu. Ulikuwa mchezo wa kwanza wa Square kuuzwa nakala zaidi ya milioni moja, jambo ambalo Final Fantasy zilizotangulia hazikuwa zimelifikia.

Wakati huo huo idara ya Yokoi ilikuwa na safari yake yenyewe. Ikishirikiana na kampuni ndogo ya Intelligent Systems, mwaka 1988 ilikuwa imetoa Famicom Wars, mchezo wa vita vya vifaru na ndege ambamo askari walikuwa alama tu ubaoni, mithili ya kete za bao. Aliyebuni mchezo uliofuata, Shouzou Kaga, alitaka kete hizo ziwe watu. Kila askari awe na jina, sura, na sababu ya kupigana, na mchezaji ajenge nao mapenzi. Yokoi ndiye aliyekuwa mtayarishaji wa kazi hiyo.

Fire Emblem ilitoka Aprili 20, 1990, ikisimulia habari za Marth, mwana wa mfalme aliyepokonywa nchi yake, anayekusanya jeshi dogo ili kumkabili joka Medeus. Kumbukumbu ya kaseti ilikuwa finyu, na watengenezaji walilazimika kuchagua kati ya picha nzuri na idadi ya watu. Wakachagua watu. Matokeo yake wahusika walikuwa wengi, ilhali ramani na mapigano yalionekana ya kizamani hata kwa macho ya wakati ule.

Kilichowashtua wachezaji zaidi ni kifo. Katika michezo mingine mhusika akiuawa hufufuliwa kwa dawa au kwa kupumzika nyumba ya wageni. Katika Fire Emblem aliyekufa amekufa, na hadithi inaendelea bila yeye. Kaga alidhani wachezaji watayakubali machungu hayo na kila mmoja kumaliza mchezo akiwa na hadithi yake, yenye majeruhi na mashujaa wake. Wengi hawakukubali. Walizima mashine na kuanza upya kila walipompoteza mmoja, na huenda hilo linaeleza zaidi kuliko hesabu za mauzo jinsi wahusika wale walivyowaingia moyoni.

Mauzo yenyewe yalianza kwa kusuasua. Wahakiki wa mwanzo waliulalamikia uhafifu wa picha, na tangazo la televisheni lililowaonyesha watu waliovalia mavazi ya kivita wakiimba kama wako jukwaani lilizua vicheko. Ni maneno ya mdomo yaliyouokoa, rafiki akimwambia rafiki, hadi mchezo ukapata wafuasi wa kudumu.

Game Boy ilikuwa na kitu kingine kilichoonekana hakina thamani: tundu dogo la kuunganishia waya kati ya mashine mbili. Wengi waliuchukulia waya huo kuwa wa kushindania tu. Mbunifu kijana, Satoshi Tajiri, aliyekuwa akikusanya wadudu utotoni, alipouona aliwaza mdudu akitambaa ndani yake kutoka mashine moja kwenda nyingine. Alihangaika na wazo hilo kwa miaka sita, kampuni yake ikikaribia kufilisika, hadi Februari 27, 1996, Pokémon ilipotoka, wakati Game Boy ikihesabiwa kuwa mashine mzee. Mwishoni kabisa, zana za kukagulia makosa zilipoondolewa na kuacha nafasi ndogo sana katika kaseti, mtengeneza programu Shigeki Morimoto alimpachika humo kiumbe wa siri aitwaye Mew. Uvumi wa kuwapo kwake ukawa tangazo ambalo hakuna aliyelilipia.

Wakati Pokémon ikianza kuwaka, Yokoi alikuwa anaondoka. Mwaka 1995 Nintendo ilikuwa imetoa Virtual Boy, mashine aliyoibuni mwenyewe, ambayo mchezaji aliinamia na kutumbukiza uso ili aone dunia yenye kina. Picha zake zilikuwa nyekundu juu ya weusi, kwa kuwa taa nyekundu ndizo zilizokuwa rahisi na zisizokula betri. Safari hii teknolojia iliyonyauka ilimsaliti. Watu walilalamika kuumwa kichwa na macho, haikuweza kuchezwa huku mtu akitembea, na wapita njia hawakuweza kuona kinachochezwa ndani. Ziliuzwa chini ya 800,000, na haikufikisha mwaka madukani Marekani.

Agosti 15, 1996, Yokoi aliachana na kampuni aliyoitumikia kwa miaka 31. Inaaminika sana kwamba alifukuzwa kwa aibu ya Virtual Boy. Mwenyewe alieleza kuwa alikuwa amepanga tangu zamani kujitegemea akifikisha umri wa miaka 50 hivi, na kwamba aibu ile ilimchelewesha, kwa kuwa hakutaka kuondoka akiwa ameshindwa. Kabla ya kwenda alihakikisha Game Boy ndogo na nyepesi zaidi imefika madukani mwezi Julai mwaka huo. Mtu anaweza kuyaamini maelezo hayo na bado akaona kwamba kwa mtu wa umri wake, katika Japani ya ajira za maisha, kuondoka namna hiyo hakukuwa jambo jepesi.

Alifungua kampuni yake Kyoto na kuiita Koto. Wateja walimfuata, miongoni mwao Bandai, kampuni ya vinyago iliyotaka mashine ya kushindana na Game Boy. Fundi wa zamani akaketi kubuni silaha ya kulipiga jengo alilolijenga mwenyewe.

Hakuiona ikikamilika. Siku ile ya Oktoba 1997 alikuwa abiria katika gari lililogonga lori kwa nyuma kwenye barabara kuu ya Hokuriku, mkoani Ishikawa. Alishuka kutazama uharibifu, na gari jingine lililokuwa likipita likamgonga. Alifariki dunia muda mfupi baadaye.

Mashine ya Bandai, WonderSwan, ilitoka Machi 4, 1999. Ilitumia betri ndogo moja tu, ikadumu kwa zaidi ya saa 30, na kwa yen 4,800 ilikuwa rahisi kuliko ya mshindani wake. Pamoja nayo ulitoka mchezo wa mafumbo ulioitwa Gunpey, kwa heshima ya jina lake. Desemba 2000 likafuata toleo la rangi, likiwa na Final Fantasy ya kwanza iliyofanyiwa ukarabati. Square ilikuwa imefarakana na Nintendo baada ya kuhamia pleisteshen, hivyo kwa miaka ile Final Fantasy ya mfukoni ilikaa katika mashine ya Yokoi, safari hii upande wa pili wa uwanja. WonderSwan haikuwahi kuvuka mipaka ya Japani kwa kishindo, na baada ya miaka michache ilitoweka sokoni. Mwaka 2003 wabunifu wa michezo, katika mkutano wao nchini Marekani, walimtunuku Yokoi tuzo ya mafanikio ya maisha.

Fire Emblem ya 1990 iliendelea kuwa ya Wajapani peke yao. Wachezaji wa nje walimfahamu Marth mwaka 2001 tu, alipojitokeza kama mgeni katika mchezo mwingine wa mapigano, na mwaka 2003 ndipo mmoja wa mfululizo huo ulipouzwa nje kwa mara ya kwanza. Ule wa awali, wenye picha zake hafifu na wafu wake wasiofufuka, ulitafsiriwa rasmi kwa Kiingereza Desemba 2020, miaka 30 baada ya kutoka na 23 baada ya kifo cha mtayarishaji wake. Nintendo iliuuza kwa njia ya intaneti kwa muda usiofika miezi minne, kisha Machi 31, 2021 ikauondoa.